Jinsi ya kumaliza kikao kizima cha dialisisi bila kuomba kutolewa mapema

Wagonjwa wa figo na wanaowauguza hurudia swali lilelile: nifanye nini nimalize kikao chote? Mtu huketi akiwa na nia njema, saa mbili za mwanzo zikapita salama, kisha ya tatu ikamshika. Miguu inakaza, tumbo linachafuka, kiti kinakuwa kigumu, anamwomba muuguzi amtoe. Kikao kinachofuata, hali ni hiyo hiyo.

Mwongozo huu ni wa dialisisi ya mashine, yaani kusafishwa damu nje ya mwili, ambayo kwa wengi huwa mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Kuna jambo nataka ulishike tangu hapa: kikao kinachokatishwa, mara nyingi kimeshaharibika kabla mgonjwa hajaketi. Ndiyo maana hatua za kwanza hazihusu kiti wala mashine. Usiziruke.

Maagizo ya daktari na wauguzi wako yanatangulia kila kilichoandikwa hapa. Wao wanavijua vipimo vyako.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mizani ya nyumbani. Iwe ileile kila siku, juu ya sakafu ngumu.
- Daftari dogo na kalamu.
- Kikombe au chupa yenye alama za mililita.
- Orodha ya dawa zako zote, pamoja na za kienyeji na zile ulizonunua bila cheti.
- Nguo yenye mikono mipana, au yenye vifungo mbele kama una mrija wa kifuani.
- Blanketi jepesi, soksi, na kitu laini cha kuegemeza shingo.
- Kitu cha kushughulisha akili ambacho unaweza kukishika kwa mkono mmoja.
- Gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) na plasta za akiba, kwa ajili ya njiani na nyumbani.
- Namba ya simu ya kitengo chako, ya mchana na ya usiku.
- Krimu ya ganzi, kama daktari ameikubali.

## Hatua ya 1: Ujue uzito wako mkavu

Uzito mkavu ni uzito wa mwili wako ukiwa hauna maji ya ziada. Namba hiyo ndiyo inayomwambia muuguzi mashine itoe maji kiasi gani. Muulize, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, uijue kama unavyojua umri wako.

Wengi hawaambiwi kwamba namba hii hubadilika. Ukianza kula vizuri ukanenepa kidogo, kilo hizo ni nyama, lakini mashine itazihesabu kuwa maji. Itakuvuta hadi chini ya uzito wako halisi, na hapo ndipo misuli hukaza na presha kuanguka mwishoni mwa kikao. Ukikonda, mambo hugeuka: mizani inasoma vizuri, kumbe maji yamejificha mahali palipokuwa na nyama. Utaona miguu imevimba, pumzi inakuwa nzito ukilala chali, na presha haishuki hata baada ya kikao.

Kwa hiyo ukiugua ukakosa hamu ya kula kwa siku kadhaa, au hamu ikirudi kwa nguvu, sema. Omba uzito mkavu uangaliwe upya. Una haki ya kuuliza.

## Hatua ya 2: Punguza maji unayokwenda nayo

Hii ndiyo hatua iliyobeba mwongozo wote. Wengine wakikuambia ulete moyo wa subira, wewe leta maji machache. Subira itakuja yenyewe.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukitoka kikao kimoja na kilo 60, ukarudi siku mbili baadaye na 63, mashine ina lita 3 za kutoa. Sasa fuatilia kinachotokea. Mashine haivuti maji kwenye miguu iliyovimba wala kwenye mapafu. Inavuta kwenye damu peke yake. Damu ikishapungukiwa, maji yaliyo kwenye nyama za mwili hujongea taratibu kuingia kwenye mishipa ili kuziba pengo. Mashine ikivuta kwa kasi kuliko maji yanavyojongea, mishipa hubaki na upungufu, kama kisima kinachotekwa haraka kuliko kinavyochimbuka. Presha inaanguka. Misuli inakosa damu, inakaza.

Kasi ambayo wataalamu wengi hujitahidi wasiivuke ni mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mwenye kilo 60 aliyekuja na lita 3 anatolewa mililita 750 kwa saa, sawa na 12.5 kwa kilo. Yuko ndani ya mpaka, ingawa ukingoni. Mtu huyohuyo akija na lita 4.5, atatolewa mililita 1,125 kwa saa, karibu 19 kwa kilo. Ili atolewe maji hayo kwa usalama angehitaji kukaa karibu saa 6. Anayejaribu kuyamaliza kwa saa 4 hawezi kukaa vizuri hata awe jasiri namna gani. Tafadhali piga hesabu yako mwenyewe kwa uzito wako. Ukishaiona kwa namba, kila kikombe utakitazama kwa jicho jingine.

Anza na chumvi, siyo na maji. Anayekula chumvi nyingi atakunywa tu, mwili utamlazimisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile iliyomo kwenye vyakula vya kopo, supu za pakiti na vitafunio. Onjesha chakula kwa vitunguu, pilipili, ndimu na viungo vikavu visivyo na chumvi.

Onyo: Usinunue chumvi mbadala inayouzwa kama ya wenye presha. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na potasiamu ikizidi kwa mgonjwa wa figo inaweza kuusimamisha moyo.

Kisha pima maji. Kipimo chako cha siku hupangwa na daktari kwa kuangalia mkojo unaotoa, ndiyo maana hakifanani na cha jirani yako wa kiti cha pili. Asubuhi jaza chupa kwa kiasi hicho. Kila ukinywa kitu kingine, iwe chai, uji, maziwa au supu, mwaga kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa. Barafu nayo ni maji. Chupa ikiisha, siku imeisha.

Kiu ikibana, sukutua kwa maji baridi uteme, tafuna ubani usio na sukari, au meza dawa zako pamoja na chakula ili zisidai glasi ya peke yake. Kama una kisukari, angalia sukari yako: ikipanda, kiu haitasikia ushauri wowote.

Pima uzito kila asubuhi baada ya kwenda choo, na nguo nyepesi. Ukiona umeongeza chini ya kilo moja kwa siku, uko njiani. Mapumziko marefu, yale ya siku mbili bila kikao, ndiyo ya hatari zaidi kwa moyo. Siku hizo ndizo za kujibana kuliko zote.

## Hatua ya 3: Kagua njia ya damu kila siku

Kama una fistula, yaani mshipa wa mkononi ulioungwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za dialisisi, weka vidole juu yake asubuhi na jioni. Unatakiwa kuhisi mtetemo, na ukiweka sikio usikie mvumo. Mtetemo ukikatika, piga simu saa hiyohiyo, usingoje siku ya kikao. Fistula iliyoziba kwa damu kuganda inaweza kuokolewa ikiwahiwa.

Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, usivae saa ya kubana, usibebe mzigo mzito, usiulalie.

Mwenye mrija wa shingoni au kifuani, mahali pake pabaki pakavu na pamefunikwa. Homa, kutetemeka, usaha au wekundu ni dharura. Maambukizi ya mrija hupita moja kwa moja kwenye damu.

## Hatua ya 4: Siku yenyewe, kabla ya kutoka nyumbani

Kula mlo wa wastani saa moja au mbili kabla. Mlo mkubwa huita damu tumboni, na damu hiyo itakosekana unapoihitaji mashineni. Kwenda na njaa nako ni kosa, hasa kwa mwenye kisukari.

Kuhusu dawa za presha: wengine huambiwa wazimeze baada ya kikao, wengine wasibadilishe chochote. Usijiamulie. Muulize daktari swali hili kwa kila dawa kwa jina lake, aandike jibu, ubandike daftarini.

Krimu ya ganzi ipakwe kama saa moja kabla, kwenye maeneo mawili yatakayochomwa. Nenda choo. Toka mapema, kwa sababu ukichelewa nusu saa, mara nyingi nusu saa hiyo hukatwa kwenye kikao chako.

## Hatua ya 5: Sema kabla ya kuunganishwa

Ukifika, nawa mkono wa fistula kwa sabuni na maji. Panda mizani. Kisha mwambie muuguzi mambo yafuatayo hata kama hajauliza: kama ulianguka, uliharisha, ulitapika au ulitokwa na damu tangu kikao kilichopita, kama kuna dawa mpya, na kikao kilichopita kiliishaje.

Sikiliza atakapotaja kiasi cha maji kitakachotolewa. Kikiwa kikubwa kuliko ulichowahi kuvumilia, useme sasa. Inawezekana kuongeza muda, kupunguza lengo na kumalizia kikao kijacho, au kupanga kikao cha ziada. Njia zote hizo ni bora kuliko kung'olewa saa ya tatu. Ukitarajia kunywa kitu kikaoni, nacho huhesabiwa.

## Hatua ya 6: Sindano

Ni mbili. Moja huchota damu kwenda mashineni, nyingine huirudisha. Ni nene kuliko za kawaida, na hakuna haja ya kujifanya haziumi. Toa pumzi polepole wakati inaingia. Maumivu makali hudumu kitambo kifupi. Yakiendelea baada ya plasta kubandikwa, au ngozi ikianza kuvimba, sema, kwa sababu ncha inaweza kuwa imegusa ukuta wa mshipa au kuupenya.

Wagonjwa wengi huomba wachomwe palepale pasipouma. Ninaelewa kabisa, lakini mshipa ukitobolewa sehemu moja miezi mingi, ukuta wake hulegea na kuvimba kama nundu, nao unaweza kupasuka. Acha wauguzi wabadilishe mahali pa kuchoma, isipokuwa kama umepangiwa rasmi njia ya tundu moja linalotumiwa kila mara.

## Hatua ya 7: Nusu saa ya kwanza

Damu inayokuwa nje ya mwili kwa wakati mmoja ni kama mililita 200 hadi 300 tu. Husikii ikitoka. Unachoweza kuhisi ni ubaridi kwenye mkono, na kwa wengine uzito kidogo wa kichwa.

Dakika hizi za mwanzo usilale. Ukihisi kifua kinabana, pumzi inakata, mwili unawasha ghafla au mgongo unauma, ita kwa sauti. Mwili unaweza kuwa unakikataa kichujio au dawa iliyotumika.

Kwa anayeanza dialisisi kabisa: vikao vya mwanzo hufanywa vifupi na vya taratibu kwa makusudi, kwa sababu taka zikitolewa haraka mno kwenye damu, ubongo huvimba kidogo na kuleta kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Usikipime kikao chako cha kwanza kwa saa 4 za mwenzako.

## Hatua ya 8: Saa za katikati

Mkono wenye sindano utulie. Kengele nyingi za mashine hulia kwa sababu mkono umekunjwa au mrija umebanwa. Ikilia, usiguse kitu, nyoosha mkono, ngoja muuguzi. Baada ya muda utazoea sauti hizo, lakini usifike mahali pa kuzipuuza.

Baridi ni kawaida, kwa kuwa damu hupoa kidogo ikizunguka mashineni, na pengine maji ya mashine yamepozwa makusudi ili kuisaidia presha. Jifunike mwili, lakini mahali penye sindano pasifunikwe hata dakika moja. Damu hupita kwa kasi ya mililita 300 au zaidi kwa dakika. Sindano ya kurudisha damu ikichomoka chini ya blanketi, ndani ya dakika 5 mtu anaweza kupoteza lita moja na nusu, na mashine inaweza isilitambue jambo hilo kwa wakati. Ukilala usingizi, hakikisha muuguzi anauona mkono wako kutoka anapokaa.

Miguu isiyotulia huwatesa wengi hapa. Zungusha vifundo, kaza na kulegeza mapaja, badilisha pembe ya kiti. Kujinyoosha huku mara kwa mara husaidia kuliko kungoja hadi mwili upige kelele.

Akili nayo inahitaji mpango. Saa 4 zikitazamwa kwa pamoja hazipiti. Zigawe: ya kwanza kwa mazungumzo au simu za watu unaowapenda, ya pili usingizi, ya tatu kitu ulichokihifadhi kwa ajili ya kiti hiki tu, kama simulizi ndefu ya kusikiliza au kipindi usichokitazama mahali pengine. Saa ya tatu ndiyo ngumu, basi iwekee kilicho kitamu kuliko vyote. Usiitazame saa ya ukutani; omba kiti kinachoipa mgongo ikiwezekana.

Zipo siku utalia. Kiti cha dialisisi kinakufungia na mawazo yako, na huzuni ni ya kawaida kwa wagonjwa wa figo. Ikikaa wiki baada ya wiki, itaje kama unavyotaja maumivu ya mguu. Inatibika.

## Hatua ya 9: Presha ikianza kushuka, misuli ikianza kukaza

Kosa linalovunja vikao vingi ni kunyamaza. Mgonjwa huona aibu kusumbua, anangoja, na akija kusema tayari macho yameingia giza. Presha huanguka kwa ngazi, na ngazi za chini ndizo rahisi kushikwa.

Jifunze dalili yako ya kwanza. Kwa wengine ni miayo mfululizo. Kwa wengine joto la ghafla, kijasho kwenye paji la uso, masikio kuvuma, kichefuchefu, au haja kubwa inayobana bila kutarajiwa. Hii ya mwisho huwadanganya watu: huomba kuinuka waende choo, wakazimia njiani. Usisimame. Ita kwanza, upimwe presha.

Muuguzi atakulaza, atainua miguu, atapunguza au kusimamisha kwa muda uvutaji wa maji, na ikibidi atakurudishia maji ya chumvi kidogo kupitia mirija. Mara nyingi dakika chache zinatosha, na kikao kinaendelea. Kuchukuliwa hatua mapema hakukufanyi mgonjwa msumbufu. Ndiko kunakokubakiza kwenye kiti.

Misuli ya mguu ikikaza, nyoosha goti uvute vidole vya mguu kuelekea kwako, au mtu akusukumie unyayo. Kitambaa cha vuguvugu na kukanda husaidia. Mkono wa sindano usiukunje katika purukushani hiyo. Na mwambie muuguzi, maana kukaza huku kwa kawaida ni taarifa kwamba maji yanavutwa haraka au uzito mkavu uliopangiwa haukufai tena.

Maumivu ya kifua, pumzi kukata, homa na kutetemeka, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea: haya siyo ya kuvumilia wala ya kutibu kwa kunyoosha mguu. Ita mara moja.

## Hatua ya 10: Dakika za mwisho

Hapa ndipo "dakika 15 tu" huombwa. Dakika 15 kila kikao, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka ni saa 39. Hivyo ni karibu vikao 10 vizima ambavyo hukuvipata.

Tena saa ya mwisho haina mbadala. Fosforasi na taka nyingine hutoka kwenye seli polepole, zikingoja damu isafike kwanza. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Wewe una 12 tu.

Ukiona huwezi, omba uvutaji wa maji upunguzwe au usimamishwe, damu iendelee kusafishwa. Wengi hawajui kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti. Lengo la maji linaweza kusogezwa bila kukatisha kikao.

## Hatua ya 11: Kutolewa na kusimama

Sindano zikitoka, bonyeza kwa vidole viwili, bila kuachia, dakika 10 hadi 15. Usichungulie kila baada ya dakika moja. Unafungua kilichoanza kuziba. Usikandamize hadi mtetemo upotee. Damu ikiwa kila mara inachukua zaidi ya dakika 20 kukoma, ripoti: inaweza kuwa dawa ya kuzuia kuganda imezidi, au mshipa umeanza kuwa mwembamba mbele.

Kaa wima kwanza, miguu ikining'inia, dakika chache. Pimwa presha ukiwa umesimama. Kisha mizani.

## Hatua ya 12: Nyumbani

Kula, lala, usipange kazi nzito. Uchovu wa saa chache ni wa kawaida. Ukiendelea hadi kesho yake kila mara, mwambie daktari, kwani kupunguza kasi ya uvutaji, kuongeza muda au kupoza maji ya mashine vinaweza kubadilisha hali hiyo.

Tundu likianza kuvuja, weka gozi na kidole juu ya tundu lenyewe, bonyeza, inua mkono. Kidole kimoja mahali sahihi kina nguvu kuliko taulo kubwa lililokunjwa. Damu ikiruka, au isipokoma, omba msaada wa dharura huku ukiendelea kubonyeza.

Kabla hujalala, andika daftarini uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, presha ya chini kabisa, na dakika tatizo lilipoanza. Baada ya wiki chache, onyesha kurasa hizo kitengoni. Misuli ikikaza tu baada ya yale mapumziko marefu, rudi kwenye Hatua ya 2. Ikikaza kila kikao, hata siku ulizoingia na kilo moja tu ya ziada, uzito mkavu ndio wa kurekebishwa, na daftari lako ndilo ushahidi wa kumpelekea daktari.